Mvuke wa maji na utando wa polima: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba plastiki isiyovuja maji haiwezi kupitisha mvuke. Ukweli ni kwamba hata utando usio na tundu hupitisha mvuke, kwa kuwa molekuli za maji huyeyukia ndani ya polima (dutu ya minyororo mirefu ya molekuli, kama plastiki au mpira) upande wenye unyevu mwingi, hujipenyeza kati ya minyororo yake, kisha hutokea upande mkavu. Juu ya mpira wa silikoni tone la maji hujikusanya bila kulowesha, ilhali mvuke hupita humo upesi kuliko katika plastiki nyingi.

Silikoni hiyohiyo inaangusha dhana ya pili, kwamba polima inayofyonza maji kidogo hupitisha kidogo. Upenyezaji ni zao la mambo mawili: kiasi cha maji kinachoyeyuka ndani ya polima na wepesi wa molekuli kusafiri humo. Silikoni hufyonza maji machache mno, lakini wepesi huo ni mkubwa.

Upenyezaji huo hupimwa kwa uzito wa kikombe kilichofunikwa kwa utando. Wengine huona inatosha kukipima mwanzoni na mwishoni, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Kikombe chenye kalsiamu kloridi kavu, chumvi inayofyonza unyevu, hufunikwa kwa utando, kingo huzibwa kwa nta, kisha huwekwa mahali penye joto na unyevu usiobadilika na kupimwa tena na tena. Katika saa za mwanzo mizani huhesabu pia maji yanayobaki ndani ya utando wenyewe. Baadaye sana, chumvi huanza kushiba. Kinachofaa kusomwa ni mwinamo wa sehemu iliyonyooka ya grafu ya uzito kwa muda, basi. Mimi ningeongeza kikombe kimoja kilichofunikwa kwa karatasi ya alumini, isiyopitisha mvuke: kikiongezeka uzito, nta inavuja.

Unene nao hupotosha. Ukiuongeza mara mbili, kasi ya mvuke hupungua kwa nusu, lakini muda wa kusubiri hali itulie huongezeka mara nne.

Mwisho ni dhana kwamba kila plastiki ina namba yake moja ya upenyezaji. Kwa polithini, ambayo maji hayaibadilishi, kosa huwa dogo. Nailoni huvimba na kulainika inapofyonza maji, hivyo kipimo cha nyuzi 38 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 90 hakiwezi kukadiriwa kutoka kile cha asilimia 50.