Timu ya moyo na ubongo: maana yake kwa mgonjwa wa kiharusi

Timu ya moyo na ubongo ni utaratibu ambapo daktari bingwa wa moyo na bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu wanamjadili mgonjwa mmoja wa kiharusi kwa pamoja, majibu yaleyale ya vipimo yakiwa mbele yao, na uamuzi unakuwa wa wote. Kumwandikia mgonjwa barua ya rufaa aende kliniki ya moyo mwezi ujao hakuhesabiki.

Kiharusi hutokea mshipa wa ubongo ukipasuka au ukiziba. Katika kile cha kuziba, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano donge lake la damu halikuanzia kichwani. Liliganda ndani ya moyo, likang'oka, likapanda na damu hadi kwenye mshipa mwembamba likakwama. Mtu anapoletwa mdomo umepinda na mkono umelegea, saa za mwanzo ni za ubongo: kipimo cha CT kionyeshe kama damu imevuja au mshipa umeziba, na ikifaa apewe dawa ya kuyeyusha donge, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Hapo bado hatujajua donge lilitoka wapi, na lilipogandia la kwanza, la pili laweza kugandia palepale.

Chanzo kinachoongoza ni mpapatiko wa atiria. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma, damu ikatuama kwenye kifuko kidogo upande wa kushoto na kuganda. Hali hii huongeza hatari ya kiharusi kama mara tano. Tena huja na kuondoka: ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya sekunde 10 inaweza kutoka safi kabisa, kumbe usiku moyo ulipapatika. Ndiyo maana bingwa wa moyo humvalisha mgonjwa kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki kuna chanzo kingine kinachoniuma zaidi, kwa kuwa kinaanzia utotoni. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria, hatibiwi ipasavyo, anapata homa ya baridi yabisi inayokwaruza vali za moyo, yaani milango inayopitisha damu upande mmoja. Miaka inapita, vali inasinyaa. Mama wa miaka 30 anaanguka jikoni, upande mmoja umepooza, na ndugu wanasema ametupiwa kitu. Akipimwa ubongo tu, atapewa mazoezi ya viungo na kurudishwa nyumbani na vali ileile. Na dawa yake ina habari yake: utafiti wa INVICTUS, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wagonjwa wa mpapatiko wenye vali zilizoharibiwa na ugonjwa huu walinusurika zaidi kwa dawa za kuzuia damu kuganda za kundi la warfarini kuliko kwa rivaroksabani, iliyo mpya. Lakini warfarini inataka kipimo cha damu cha INR, kinachoonyesha damu inaganda upesi kiasi gani, mara kwa mara, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mama huyu lazima aulizwe kama ana mimba au anaitarajia.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuamua siku ya kuanza dawa ya kuzuia damu kuganda. Bingwa wa moyo anataka aanze mapema, maana donge jingine linaweza kutoka. Bingwa wa ubongo anaogopa, maana sehemu iliyokufa kwa kukosa damu ni laini na inaweza kuvuja. Wote wawili wana haki. Utafiti wa ELAN wa mwaka 2023 ulipunguza woga kidogo: wenye mpapatiko waliopata kiharusi kidogo au cha wastani walianzishiwa ndani ya saa 48, wenye kiharusi kikubwa siku ya 6 au ya 7, na madhara hayakuongezeka kuliko kwa walioanza baadaye. Hata hivyo ukubwa wa kiharusi anausoma wa ubongo, na hatari iliyobaki kifuani anaijua wa moyo.

Mara nyingine wa moyo anahitajika hata kabla ya dawa ya kuyeyusha donge. Kiharusi kikija na homa, na vali ikawa na maambukizi, dawa hiyo inaweza kusababisha damu kuvuja kichwani.

Pale Muhimbili, Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na MOI, inayotibu mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu, ni majirani wa eneo moja. Katika hospitali ya wilaya timu inaweza kuwa simu moja tu kwa bingwa aliye mbali, nayo inatosha kuanzia.

Ukiwa ndugu wa mgonjwa, kabla hajaruhusiwa uliza: moyo wake umepimwa kwa ECG na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti)? Dawa ya kuzuia damu kuganda anaanza tarehe ngapi? Kama ni warfarini, INR atapimiwa wapi? Omba tarehe hiyo iandikwe kwenye karatasi anayoondoka nayo.