Kichwa 4701 au 4705: jinsi ya kuainisha massa ya mbao iliyosagwa kwa mashine

Katika kazi ya kuainisha bidhaa za forodha, massa ya mbao, yaani nyuzi ghafi zinazotengenezewa karatasi, hupewa uzito mdogo kuliko inavyostahili, kwa sababu katika masoko mengi makubwa haitozwi ushuru. Katika majedwali ya kawaida ya ushuru ya Marekani na ya Umoja wa Ulaya, massa ya kichwa 4701 (kichwa ni kundi la bidhaa lenye namba ya tarakimu nne) imewekewa kiwango cha asilimia sifuri. Waagizaji wengi hukomea hapo na kuandika namba yoyote ya Sura ya 47 iliyo karibu. Mimi nasisitiza kwamba namba sahihi haitokani na kiwango cha ushuru wala na jina lililo kwenye ankara, bali na namna nyuzi zilivyotenganishwa kiwandani, na kwamba taarifa hiyo lazima ipatikane kabla ya tamko la forodha kujazwa.

Sura ya 47 ya Mfumo Uliooanishwa, yaani mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na uliotumika tangu 1988, imepangwa kwa kufuata mchakato. Kichwa 4701 ni cha massa iliyopatikana kwa mashine pekee. Vichwa 4702 hadi 4704 ni vya massa za kemikali, 4705 ni cha massa iliyopitia kemikali na mashine kwa pamoja, na 4706 ni cha massa ya karatasi zilizorejelezwa au ya nyuzi zisizo za mbao. Mianzi, kwa mfano, huangukia 4706 hata kama imesagwa kwa njia ileile inayosagia msonobari.

Ugumu wa kweli uko kati ya 4701 na 4705. Zamani magogo yaliyomenywa magome yalikandamizwa kwenye jiwe la kusagia huku maji yakimiminwa. Baadaye vikaja visagio vya sahani, ambavyo husaga vibanzi vya mbao, na kisha njia ya kulainisha vibanzi hivyo kwa mvuke kabla au wakati wa kusaga. Mvuke si kemikali ya kutenganisha nyuzi, kwa hiyo massa ya aina hiyo hubaki 4701, na Umoja wa Ulaya umeitengea hata kijisehemu chake, 4701 00 10. Lakini vibanzi vikilowekwa kwanza katika salfaiti ya sodiamu au katika alkali ili lignini, yaani gundi asilia inayoshikanisha nyuzi za mbao, ilegee, kisha vikasagwa, kemikali imeshiriki katika kutenganisha nyuzi, na hapo bidhaa imehamia 4705. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo: zote mbili hufika zikiwa karatasi nene zilizofungwa katika marobota.

Hata maabara inahitaji kuulizwa swali sahihi. Kipimo cha floroglusinoli pamoja na asidi ya haidrokloriki hugeuza nyuzi zenye lignini nyingi kuwa nyekundu, na hivyo huitenga massa ya mashine na massa ya kemikali iliyopaushwa. Hata hivyo, massa ya 4705 nayo huwa na lignini nyingi, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitatui shauri letu. Kupausha pia huwapotosha wengi: massa ya mashine iliyong'arishwa kwa haidrojeni peroksaidi baada ya kusagwa haiwi ya kemikali kwa sababu hiyo, kwani nyuzi zilikuwa zimekwisha kutengana. Ndiyo maana mimi huomba maelezo ya mchakato kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, hatua kwa hatua, yakitaja kila kemikali na mahali ilipoingizwa.

Anayedhani kwamba sifuri inafuta umuhimu wa haya na atazame China. Mwaka 2014 nchi hiyo iliweka ushuru wa kuzuia uuzaji wa bei ya chini isiyo halali dhidi ya massa fulani za selulosi kutoka Marekani, Kanada na Brazili, na Kanada ikapeleka shauri hilo katika Shirika la Biashara Duniani. Ushuru wa namna hiyo hufuata maelezo ya bidhaa na asili yake, na maelezo yasiyo makini yanaweza kuuingiza mzigo usiohusika katika ubishi mrefu. Vilevile, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu bidhaa zisizotokana na ukataji wa misitu inagusa Sura ya 47, lakini inaziacha nje bidhaa za mianzi na zilizorejelezwa. Namba ya kichwa ndiyo inayofungua au kufunga wajibu wa kanuni hiyo.

Jambo la mwisho ni uzito. Massa huuzwa kwa tani ya ukavu wa hewa, inayohesabiwa kuwa na asilimia 90 ya nyuzi kavu na asilimia 10 ya maji, na Umoja wa Ulaya hutaka kiasi kitamkwe kwa kilo za kipimo hicho. Tani 100 za massa mbichi yenye unyevu wa asilimia 50 zina tani 50 tu za nyuzi kavu. Ukigawanya kwa 0.9 unapata takriban tani 55.6. Ankara ikisema 55.6 na mizani ya bandari ikasema 100, afisa atauliza, na ana haki ya kuuliza. Cheti cha unyevu kiambatishwe na ankara tangu mwanzo, kikionyesha tarehe ya kipimo, kwa sababu massa hupoteza au hunyonya maji njiani.