Umbali wa kiuchumi: Kigali iko mbali kiasi gani na bahari?

Kwa barabara, Kigali iko takriban kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo (mpaka wa Tanzania na Rwanda), na karibu kilomita 1,700 kutoka Mombasa kupitia Malaba (mpaka wa Kenya na Uganda) na Kampala. Mwagizaji wa bidhaa hapimi hivyo. Yeye huhesabu dola kwa kila kontena na siku ambazo fedha zake zimelala njiani. Jumla ya gharama, muda na hatari ya kufikisha mzigo ndiyo umbali wa kiuchumi.

Mwaka 1962 mchumi wa Uholanzi Jan Tinbergen alionyesha kwamba biashara kati ya nchi mbili hukua kadiri uchumi wao unavyokuwa mkubwa, na hupungua kadiri nchi hizo zinavyokuwa mbali moja na nyingine. Kilomita ni kipimo rahisi, lakini kwa nchi 16 za Afrika zisizo na bahari kinaficha mengi.

Tuseme mzigo wa dola 100,000 umenunuliwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kila siku unakula takriban dola 49, uwe unatembea au umesimama. Na aghalabu mwendo wenyewe si tatizo. Siku hupotea meli ikingoja gati, nyaraka zisipolingana, na kwenye foleni za mpakani. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha: kodi ya nchi unakokwenda mzigo hukadiriwa na kulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Kwenye vituo vya pamoja vya mpakani kama Rusumo, Malaba na Busia, lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia.

Halafu kuna mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori, tela na mzigo wake visizidi tani 56, tena kwa ekseli saba. Ekseli zikipungua, kikomo kinashuka. Kosa linalosumbua sana ni la upakiaji: uzito wa jumla uko sawa, ila mzigo umerundikwa upande mmoja wa kontena na kundi moja la ekseli limezidi. Dereva hawezi kufungua na kupanga upya, kwani kontena la transiti limefungwa kwa lakiri ya forodha. Lazima afisa wa forodha awepo. Kosa lililofanyika ghalani nje ya nchi linalipiwa hapa kwa faini na siku za kusimama.

Gharama ambayo wengi huisahau ni ya safari ya kurudi. Uganda huagiza ngano, chuma, magari na mafuta. Huuza nje kahawa, ambayo haitoshi kujaza makontena yote yaliyoingia. Na lori la mafuta haliwezi kubeba kahawa. Kwa hiyo malori mengi hushuka pwani matupu, na nauli ya kwenda bara hupangwa ili ilipie njia zote mbili. Kontena nalo lina mwenyewe: kampuni ya meli hutoa siku kadhaa za bure, zikipita inatoza kwa siku hadi lirudishwe.

Siasa huirefusha njia bila kuongeza hata hatua moja. Mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 unazipa nchi hizi haki ya kufika baharini, lakini masharti ya kupita hukubaliwa na jirani. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipofunga njia na reli kung'olewa mwanzoni mwa 2008, mafuta yaliadimika Uganda na Rwanda. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulipofungwa Februari 2019 hadi Januari 2022, malori ya Kigali yalizungukia kituo kingine cha mpaka huo, Mirama Hills. Zambia ililijua hilo mapema: mpaka wake na Rhodesia (sasa Zimbabwe) ulifungwa 1973, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikawa njia ya shaba yake kufika Dar. Hata hivyo reli hiyo ina upana wa milimita 1,067, na reli ya zamani ya kati ya Tanzania 1,000. Mabehewa hayawezi kuhama kutoka reli moja kwenda nyingine, mzigo hushushwa na kupakiwa upya Kidatu, zinapokutana.

Umbali huu hauwaumizi wote sawasawa. Dhahabu hupanda ndege na nauli haionekani kwenye bei. Saruji ni nzito na ya bei ya chini, kwa hiyo nauli kutoka pwani hula sehemu kubwa ya bei yake Kampala. Hapo umbali hufanya kazi ya ushuru: kiwanda cha saruji cha Tororo, mashariki mwa Uganda karibu na mpaka wa Malaba, kinakingwa dhidi ya saruji ya ng'ambo bila serikali kuandika sheria yoyote. Barabara na reli zikiwa nafuu, mnunuzi anapata ahueni na kinga hiyo inapungua. Wenye viwanda na waagizaji wa Kampala kwa hiyo hawaombi kitu kimoja wanapojadili nauli.