Je, wajua kwa nini bakteria wa maabarani huoteshwa juu ya mwani?

Mwanafunzi wa Malindi anayeanza somo la mikrobiolojia chuoni hufundishwa mapema kumimina agari kwenye visahani, na huenda asitambue kwamba kitu hicho amekila tangu utotoni. Ni ileile chaina grasi inayopikiwa faluda, ule mgando wa maziwa, sukari na iliki unaokatwa vipande na kuandaliwa wakati wa kufuturu. Hutolewa kwenye mwani mwekundu wa baharini. Kwa nini basi, kati ya vitu vyote vinavyogandisha, maabara ziliuchagua mwani?

Kwanza ieleweke kwamba bakteria wakioteshwa ndani ya mchuzi huchanganyika wote, na haiwezekani kumjua huyu wala yule. Juu ya kitu kigumu, kila mmoja hubaki alipoangukia na kuzaana papo hapo mpaka pakatokea doa linaloonekana kwa macho, yaani koloni, ambalo wakazi wake wote ni wa ukoo mmoja. Robert Koch, huko Ujerumani, alianza kwa vipande vya viazi, kisha akatumia jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Jelatini ina kasoro mbili: ni protini, kwa hiyo bakteria wengi huila na kuiyeyusha, na hata isipoliwa huwa maji kabla ya kufika nyuzi 37 za Selsiasi, joto la mwili wa binadamu, ambalo ndilo viini vingi vya maradhi hulipenda. Jeli ya jelatini ikisahauliwa mezani Malindi mwezi wa Machi, joto linapopita nyuzi 30, huchuruzika. Faluda iliyo pembeni yake husimama vilevile.

Jambo hilohilo ndilo lililomkwamua daktari Walther Hesse, aliyekuwa akifanya kazi kwa Koch mwaka 1881 na kusumbuliwa na jelatini iliyoyeyuka. Mkewe, Fanny Hesse, aliyekuwa pia msaidizi na mchoraji wake, alimshauri atumie agari, kwa kuwa aliitumia jikoni kwake tangu alipofundishwa na jirani aliyewahi kuishi Java. Mwaka 1882 Koch aliitaja agari katika makala yake ya kifua kikuu bila kumtaja mama huyo, ilhali Julius Richard Petri, aliyebuni kisahani chenye kifuniko mwaka 1887, jina lake hutajwa maabarani kila siku. Naona si haki.

Agari ina tabia ya ajabu: huyeyuka ikikaribia nyuzi 85 au zaidi, lakini ikishayeyuka haigandi tena mpaka ishuke karibu na nyuzi 40 au chini yake. Sababu ni kwamba minyororo yake ya sukari, inapopoa, hujisokota na kushikamana mafungu mafungu kama nyuzi za kamba ya makumbi, na kuifumua kamba hiyo huhitaji joto kubwa kuliko lililokuwapo iliposokotwa. Ndiyo maana chupa ya agari ikitoka kwenye otoklevu, yaani chombo cha kuua viini kwa mvuke wa joto kali, ilikotakaswa kwa nyuzi 121 kwa dakika 15, huachwa ipoe hadi nyuzi 50 hivi, mkono uweze kuishika. Kisha kifuniko cha kisahani huinuliwa upande mmoja tu, kama kombe linavyojifunua, na agari humiminwa haraka kabla vumbi halijaingia. Ikiganda, kisahani hupinduliwa, ili matone ya mvuke yasidondokee koloni na kuzitawanya.

Bakteria wengi hawawezi kuila agari, ila wako wa baharini wanaoiweza, kwani mwani uliokufa nao lazima uoze. Mwanafunzi akipandikiza tone la maji ya bahari, huenda siku chache baadaye akakuta koloni imezama ndani ya kishimo ilichojichimbia yenyewe.