Kupima klorofili Ziwa Tanganyika: lita moja haitoshi

Miongozo mingi ya maabara inakwambia uchuje lita moja ya maji, utoe klorofili, yaani rangi ya kijani ya mwani, kutoka kwenye chujio kwa mililita 10 za asetoni, kisha upime. Kwa maji ya kijani kama ya Ghuba ya Mwanza, hakuna neno. Kwa maji ya Tanganyika, ukishatoka ufukweni Kigoma, utaratibu huo unazaa namba za kubahatisha.

Piga hesabu. Maji ya katikati huku mara nyingi yana klorofili a ya maikrogramu 1 hivi kwa lita. Ukifuata mwongozo na kichupa cha kupimia cha sentimita 1, spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na rangi, itasoma takriban 0.009 kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 664. Alama ya kidole kwenye kioo inaweza kuzidi hapo! Chuja lita 4 na utumie kichupa cha sentimita 5: usomaji unapanda hadi karibu 0.18, na sasa una kitu cha kupima. Karibu na mdomo wa Mto Luiche, upande wa Ujiji, huwezi kufika lita 4 kwa sababu tope huziba chujio. Hapo chuja kinachopita na uandike kiasi.

Tumia chujio la nyuzi za kioo la maikromita 0.7, kwani sehemu kubwa ya mwani wa hapa ni mdogo mno. Mvuto wa pampu usizidi milimita 150 za zebaki. Ukiuzidisha ili umalize haraka, seli hupasuka, rangi inapita na maji, nawe unaimwaga mwenyewe kwenye sinki. Taa zipunguzwe. Chujio likunjwe rangi ikiwa ndani, lifungwe kwa foili na kugandishwa. Umeme ukikatika likayeyuka na kuganda tena, mimi nalitupa.

Asetoni iwe ya asilimia 90. Saga chujio ndani yake, acha gizani kwenye nyuzi 4 kwa saa 24, zungusha kwenye sentrifuji ili vipande vya chujio vizame. Vichupa viwe vya kioo: plastiki ya bei rahisi huingia ukungu ikiguswa na asetoni, na ukungu huo utausoma kama mwani. Ndiyo maana kila mara soma pia nanomita 750, ambako klorofili haisomeki, uitoe kwenye usomaji wako.

Kisha asidi. Kwa kila mililita 10 weka mililita 0.3 za asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M, subiri sekunde 90, soma 665. Asidi hung'oa magnesi katikati ya molekuli, klorofili inageuka feofitini. Gawanya usomaji wa kwanza kwa wa pili: ukipata karibu 1.7, rangi ilikuwa hai, ukikaribia 1.0, mwani ulikwisha kufa, au chujio lilikaa juani ndani ya boti.

Wenye kihisi cha kuzamisha majini, kinachopima mng'ao ambao klorofili hutoa ikimulikwa, wasidhani wameepuka kazi. Jua la saa sita mchana hupunguza mng'ao wa mwani wa juu, kihisi kikaonyesha upungufu ambao haupo. Linganisha na usomaji wa usiku.

Jambo moja huwachanganya hata wataalamu wa uvuvi: klorofili ikiwa chini, wanasema ziwa ni maskini. Klorofili ni kilichobaki baada ya planktoni wanyama, wale wadudu wadogo wanaoelea majini, kula mwani, na hao ndio chakula cha dagaa. Mwani unaoota haraka na kuliwa haraka huacha namba ndogo. Anayetaka kujua uzalishaji apime oksijeni katika chupa za mwanga na za giza, au kaboni 14 yenye mnururisho inayofyonzwa na mwani.