Nyuki wako wanapoupita mparachichi na kwenda zao

Saa nne asubuhi, jua likishapasha majani, simama chini ya mparachichi wa aina ya Hass uliochanua, utazame ua moja tu. Limefunguka likiwa jike: liko tayari kupokea chavua, yaani unga wa maua dume, lakini lenyewe halina ya kutoa. Ikikaribia saa sita linafumba. Kesho yake mchana litafunguka tena, safari hii likiwa dume. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hufuata saa zake: jike alasiri, dume asubuhi inayofuata. Ndiyo maana nawasihi wakulima wa Njombe wapande miti michache ya Fuerte katikati ya Hass. Asubuhi Fuerte inatoa, Hass inapokea, alasiri zinabadilishana. Siku za baridi saa hizi huyumba, na mti mmoja unaweza kuwa na maua ya jinsia zote mbili kwa pamoja. Lakini baridi hiyohiyo humzuia nyuki kutoka mzingani.

Chavua yenyewe inanata, upepo hauibebi vizuri. Lazima apatikane mdudu wa kuipeleka, na ua jike humngoja kwa saa chache tu, mara moja maishani.

Msimu mmoja nilipeleka mizinga kumi shambani kabla maua hayajafunguka, nikiamini kuwahi ndiko kufanya kazi vizuri. Maua yalipochanua, nyuki wakayapita juujuu wakielekea kwenye mikaratusi ng'ambo ya bonde. Iliniuma sana, maana mwenye shamba alikuwa ameniamini.

Kosa lilikuwa langu. Nyuki haendi kwenye ua kwa sababu tu liko karibu, anafuata faida. Anayegundua mbochi mtamu, yale maji ya sukari ya maua, hurudi mzingani na kucheza juu ya sega gizani. Pembe ya mchezo wake huwaonyesha wenzake waelekee wapi kwa kulinganisha na jua, na muda anaotikisa tumbo huwaeleza umbali. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch ndiye aliyeifumbua lugha hii, na mwaka 1973 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel. Mbochi ukiwa mzuri, nyuki hucheza kwa bidii na wengi wanamfuata. Ukiwa hafifu, hachezi kabisa. Mparachichi, kwa bahati mbaya, hauwavutii sana nyuki ukishindana na maua mengine.

Tena nyuki akishazoea ua la aina moja, hung'ang'ania hilohilo. Tabia hii ndiyo inayomfanya awe mchavushaji bora, kwa kuwa chavua ya mparachichi inafika kwenye mparachichi mwingine. Ndiyo pia iliyoniponza: nyuki wangu walikuwa wameshazoea mikaratusi.

Siku hizi nangoja ua moja kati ya kumi liwe limefunguka, kisha nahamisha mizinga usiku. Naitawanya kwa makundi madogo ndani ya shamba, na maji safi karibu. Magugu yenye maua chini ya miti tunayafyeka kwanza.

Mti mkubwa unaweza kutoa maua hadi milioni moja, na hata ukichavushwa vizuri, hayafiki moja kwa mia yatakayokuwa matunda. Kwa hiyo maua yakidondoka kwa wingi usikimbilie dawa. Kama hapana budi kupuliza wakati wa maua, iwe jioni nyuki wakisharudi, na mwenye mizinga aambiwe mapema, si asubuhi anapookota maiti mlangoni.