Leseni ya lori umepata, sasa kazi ipi? Dhana zinazowaponza madereva wapya Nairobi

Kila shule za udereva zinapomaliza mitihani, kundi jipya la vijana hushuka Industrial Area, Embakasi na Mlolongo na bahasha za vyeti mkononi. Wote wanauliza nani anaajiri. Ni wachache mno wanaouliza nani atakaa kando yao miezi ya kwanza, na gari watakalopewa liko katika hali gani. Kazi ya kwanza ya lori ndiyo inayokupa mazoea, na mazoea ya barabarani ukishayashika hayatoki upesi. Kinachonisikitisha ni kwamba vijana hawa huchagua kazi hiyo kwa maneno ya vijiweni, na mengi ya maneno hayo si kweli.

"Ukishapata leseni, trela ni yako"

Leseni zetu zimegawanywa kwa madaraja. C1 ni ya lori jepesi, C ya lori la kati, CE ya lori zito lenye trela. Umri wa chini unaohitajika hupanda kadiri gari linavyozidi uzito, na unatakiwa uwe umepitia daraja la chini kabla ya kwenda la juu. Aliyefunzwa na kutahiniwa kwa kanta, lile lori dogo, hana ruhusa ya kushika trela, hata bosi amwamini vipi. Ajali ikitokea, kampuni ya bima ina sababu tosha ya kukataa kulipa, na wewe una kesi ya kujibu mahakamani.

Tuseme daraja unalo. Bado kuna jambo ambalo shule haikukuonyesha: uzito. Ulijifunza kwenye ule mji wa mfano ubaoni, kisha ukaingia barabarani na gari tupu. Lori la ekseli sita, yaani mihimili sita ya magurudumu, linaruhusiwa kufika tani 50 pamoja na mzigo wake, la ekseli saba tani 56, na hakuna mwalimu aliyekupakia tani hizo. Gari likiwa na mzigo linahitaji nafasi kubwa zaidi ili lisimame. Kwenye kona mzigo unalisukuma nje, na trela nalo linakata ndani kuliko kichwa cha lori kinacholivuta. Kontena lililopakiwa juu juu linaweza kupinduka kwa mwendo ambao gari tupu lingepita bila kutikisika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwajiri liwe hili: nitatembea na dereva gani mzoefu, na kwa muda gani kabla ya kuachiwa gari peke yangu? Mwenye malori anayekurushia ufunguo wa trela siku ya kwanza hajakuheshimu. Dereva wake ameondoka na mzigo unasubiri. Nenda kwa watingo wa yadi hiyo, uwaulize taratibu kwa nini ameondoka.

"Kuanza utingo, au kuanza na kanta, ni kujishusha"

Hapa ndipo vijana wengi wanapojinyima. Utingo makini hujifunza kufunga turubai na kamba, kugonga tairi na kusikia kama lina upepo, kukagua hati za mzigo kabla ya kutoka, na kumwelekeza dereva anaporudi nyuma. Hayo yote utayahitaji siku ukiwa na usukani.

Na kanta ya kusambaza bidhaa, ile inayotoka Industrial Area asubuhi kwenda Gikomba, Kawangware, Githurai na Ruiru, ni kazi ya kwanza nzuri kuliko inavyosifiwa. Kwa siku moja utarudi nyuma kwenye mageti membamba mara nyingi kuliko dereva wa safari za Mombasa anavyofanya kwa wiki nzima. Utajua kubishana na foleni, mikokoteni na bodaboda bila kupoteza akili. Jioni unalala kwako, na ukikosea, kosa linatokea katika mwendo mdogo.

Ninachowashauri wanaoanza wakikwepe ni tipa za mchanga na kokoto zinazolipa kwa tripu. Si kwamba kazi yenyewe ni mbaya. Ni kwamba mtu anayelipwa kwa kila tripu anasukumwa kukimbia, na dereva mpya hapaswi kusukumwa.

"Anayetaja pesa nyingi ndiye wa kwenda naye"

Malipo ya lori yana sehemu mbili au tatu, na anayekuajiri hutaja jumla yake yote safari zikiwa nyingi. Kuna mshahara wa mwezi. Kuna mileji, yaani pesa ya safari, ambayo ndiyo unayoitumia kula na kulala njiani. Wengine huongeza kitu kidogo kwa tripu. Tenganisha. Uliza mshahara wa mwezi ni ngapi gari likiwa limeegeshwa, kwa sababu litaegeshwa: litasubiri kupakiwa bandarini, litakwama mpakani Malaba, litaharibika Voi. Uliza ukikaa siku tatu kwenye foleni nani anakununulia chakula. Uliza pesa ya mizani, ya kuegesha usiku na ya tairi likipasuka inatoka kwa nani, na inatumwa saa ngapi. Kuna madereva wanaotangaziwa mileji nono, kisha wanaimaliza kwa gharama za gari la mtu mwingine.

Serikali hutoa amri ya mishahara ya chini, na dereva wa magari mazito ametajwa humo, huku Nairobi ikiwa katika kundi la miji yenye viwango vya juu. Kama unachopewa kila mwezi kiko chini ya hapo, mileji haifai kuwa kisingizio.

"Dereva wa kweli halali"

Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Sasa piga hesabu. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Lori lenye mzigo likipata wastani wa kilomita 60 kwa saa, safari hiyo peke yake imemaliza saa zako zote za siku. Anayekuambia utashusha Mombasa, upakie, na urudi Nairobi usiku huohuo, anakuomba uvunje sheria na uhatarishe maisha yako kwa ratiba yake.

Miraa haiondoi usingizi, inauahirisha. Macho yanabaki wazi huku akili ikisinzia kwa sekunde chache, na sekunde hizo katika kilomita 80 kwa saa ni zaidi ya mita 20 kila moja. Mwajiri wa kuchagua ni yule anayekujibu bila kusita unapouliza madereva wake hulala wapi na saa ngapi.

"Ukitia fri kwenye mteremko unaokoa mafuta"

Hii imeua watu, na ndiyo maana sitaipita haraka. Dereva akifika mteremko mrefu, kama ule wa Salgaa na Sachangwan, anatoa gia, anaweka nyutro na kuliacha gari lishuke lenyewe. Mafuta anayodhani ameokoa anayauza.

Kwanza, kwa injini za dizeli za kisasa zinazoongozwa kwa kompyuta, jambo lenyewe si kweli. Ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye kanyagio la mafuta, injini hukatiwa mafuta kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro, lazima inywe mafuta ili isizimike. Pili, ukitoa gia umetupa kizuizi muhimu, kile cha injini. Zinabaki breki za magurudumu peke yake kuzuia makumi ya tani. Zinachemka na kuacha kushika. Kila unapokanyaga unatumia upepo unaoendesha breki, na injini iliyo nyutro inazungusha kompresa, pampu ya upepo huo, polepole, hivyo upepo unarudi kidogo. Mteremko unashukwa kwa gia ya chini uliyoichagua ukiwa bado juu. Ukisubiri hadi gari likimbie, gia haiingii tena.

Lori likishindwa kuzuiliwa halimdhuru dereva peke yake. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njiapanda ya Londiani, lori liliacha njia na kuwavamia wachuuzi na wasafiri kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki.

Hili linahusu kuchagua kazi kwa sababu tabia hiyo mara nyingi huanzia yadini. Mwenye malori anayetoa mafuta pungufu kwa safari anamfundisha dereva wake kutia fri. Waulize madereva wa hapo, si bosi: mafuta mnayopewa yanafika?

"Uzito ni shauri ya mwenye gari"

Kwenye mizani za Mlolongo, Mariakani, Gilgil au Webuye, anayesimama mbele ya maafisa ni wewe. Sheria inamgusa anayeendesha pamoja na anayemiliki. Tena gari linaweza kuwa na uzito halali kwa jumla na bado likakamatwa, kwa sababu kila ekseli ina kikomo chake: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa, 24 kwa zile tatu za trela. Mzigo uliorundikwa mbele unatosha kukuponza. Kampuni nzuri hupima kabla ya kutoka, na haikuiti mwoga ukikataa kuondoka.

"Kibarua hana haki, na ukiharibu lazima ulipe"

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa hasara uliyoisababisha kwa makusudi, na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Tairi lililopasuka kwa uchakavu si la kukatwa kwako. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka akukatie bima. Mwombe akuonyeshe.

Kuhusu broka anayetaka pesa ili "akuunganishe": usimtumie. Cheti cha tabia njema utakilipia serikalini kupitia eCitizen, na hakuna kampuni ya maana inayouza viti vya dereva kwa M-Pesa.

"Treni ya SGR imemaliza kazi za malori"

Treni hiyo ya reli ya kisasa iliyumbisha watu wengi, hasa Mombasa, tangu ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018. Lakini kontena likishushwa Embakasi bado linahitaji lori hadi ghala la mwenyewe. Kwa anayeanza, safari hizo fupi ndani ya Nairobi ni nafasi nzuri.

Siku ya majaribio, usipande kabla hujalizunguka gari. Tazama kama nyuzi za tairi zimeanza kuonekana. Jaza upepo, zima injini, kanyaga breki na uishike, kisha uangalie kama mshale wa upepo unaporomoka. Tafuta kizima moto na pembetatu za onyo. Uliza ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ulifanywa lini, maana magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Msimamizi akikuambia "hayo wachana nayo, twende", mwachie ufunguo wake na uulize yadi inayofuata.